Bi Siwema Anafundishwa Kushindwa

Katika nchi ya Shwari, ambayo msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani kwa sababu yenyewe haipendi kuonekana, kulikuwa na chama kimoja tu cha siasa, nacho kiliitwa Chama cha Wote. Wageni walipouliza kwa nini hakuna cha pili, nao waliulizwa kwa heshima: wakishaingia Wote, watabaki akina nani wa kukianzisha? Wageni walimaliza soda zao, wakarudi makwao wakiisifu Shwari kwa ukarimu.

Tawi la mtaa wa Kokotoni liliongozwa na Mwenyekiti Ngwale, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya taratibu, aliyechaguliwa kila mara bila kupingwa. Si kwamba watu walikatazwa kumpinga. Hata kidogo. Katiba ya Chama iliruhusu kabisa, ila ilimtaka mpinzani apeleke maombi yake kwa mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa mtu wa shughuli nyingi.

Mtaani humo aliishi Bi Siwema, msusi. Vichwa vya Kokotoni karibu vyote vilipita mikononi mwake, kwenye baraza ya nyumba aliyoijenga na mumewe Hizza, fundi baiskeli, chumba kimoja kimoja, wakila mihogo mikavu ili wanunue mabati. Hawakuwa na kitu kingine duniani. Siku moja asubuhi Siwema alizunguka nyuma ya nyumba, upande wa chooni, akakuta ukuta umepigwa alama ya X nyekundu. Shwari nzima inajua maana ya X nyekundu. Maana yake ni kwamba maendeleo yamekuona.

Kisa kilikuwa hivi. Kwa sheria ya nchi, kila mwenyekiti wa tawi alistahili Barabara ya Chama, yenye kuanzia Ofisi ya Tawi na kuishia mlangoni kwake, ili shida za wananchi zisichelewe njiani. Mwenyekiti Ngwale alikuwa amejenga nyumba mpya kwenye kilima, na wapimaji walipovuta kamba kutoka ofisini, ikapita uwanja wa mpira bila tatizo, ikafika chooni kwa Siwema, ikapenya, ikatokea barazani, ikapanda kilima. Serikali ilisikitika sana. Ilisikitika mpaka ikatumia rangi ya mafuta, isije ikafutika na mvua.

Siwema alilia barazani mchana kweupe, wala hakujificha. Hizza alimwacha alie, kisha akamwambia avae khanga mpya aende kwa Mwenyekiti mwenyewe, kwa kuwa Ngwale hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwenyekiti tu.

Ngwale alimpokea sebuleni, akamwagizia chai.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Nimesikia habari ya ukuta wako, na usingizi sipati. Lakini Mungu si Athumani, wewe na mimi tumepata shida wiki moja. Wewe una shida ya nyumba, mimi nina shida ya mtu wa kushindwa."

Akamweleza. Wafadhili wa nchi za mbali walikuwa wamenung'unika kwamba Shwari uchaguzi upo lakini wa kushindwa hawaonekani. Makao Makuu yakaona hoja hiyo ina uzito, maana wafadhili hao ndio waliotoa mabati ya Makao Makuu. Likatoka agizo: mwaka huu katika kila tawi mtu mmoja ashindwe, tena ashindwe hadharani. Na Kokotoni, kwa utulivu wake, imechaguliwa mkutano wake mkuu urushwe moja kwa moja na Redio ya Taifa.

"Gombea nami," alisema Ngwale. "Ukishindwa vizuri, barabara itakunja kona, ipite mbali na nyumba yako."

"Na nikishindwa vibaya, Mwenyekiti?"

"Hapo itanyooka."

Siwema alikunywa chai mpaka mwisho, akakubali. Angekubali hata kushindwa mara mbili.

Asidhani mtu kwamba kushindwa ni kazi ya kukurupukia. Makao Makuu yalimtuma Daktari Balthazari, msimamizi, bingwa wa uchaguzi ambao matokeo yake yanajulikana, naye alimfundisha Siwema pale pale barazani huku wateja wakisubiri na vichwa nusu. Usishindwe sana, alimwambia, wafadhili watasema tumekuonea. Usishindwe kidogo, Mwenyekiti atasema umemkaribia. Alimfundisha kutembea kuelekea jukwaani kama mtu mwenye matumaini, na kurudi kama mtu aliyeridhika. Alimfundisha kutabasamu. Siwema alipotabasamu, Daktari alimwomba apunguze, kwani tabasamu lile lilikuwa na dalili za ushindi.

Mama Chausiku, jirani wa mlango kwa mlango na shoga yake wa miaka, alikuwa amekaa mkekani akisukwa. Daktari alipoondoka aliuliza kama ni kweli mtu anaweza kupewa nyumba yake mwenyewe kwa kushindwa. Siwema akasema ndiyo, Mwenyekiti kaahidi. Chausiku akaguna tu, akainamisha kichwa asukwe.

Siku ya Mkutano Mkuu wa Tawi uwanja wa mpira ulipambwa mpaka magoli yakavishwa bendera. Mbele walikaa viongozi kwenye viti vya plastiki, nyuma wanachama kwenye nyasi, na nyuma kabisa masufuria ya pilau, ambayo ndiyo yaliyotazamwa zaidi. Kila mwanachama alipewa fulana yenye picha ya Mwenyekiti. Siwema naye alipewa, akaivaa, akawa mgombea wa kwanza duniani kugombea akiwa amembeba mpinzani wake kifuani.

Mkutano ulifunguliwa kwa dakika moja ya ukimya kumkumbuka Muasisi wa Chama, ambaye yu hai, lakini hapendi kusubiri. Zikathibitishwa kumbukumbu za kikao kinachofuata. Mwenyekiti akasoma taarifa ya utekelezaji, akaeleza kwamba katika kipindi chake mvua zilinyesha kwa wakati, watoto walizaliwa kwa wingi, na jua, licha ya hujuma za hapa na pale, liliendelea kuchomoza. Yakatokea makofi. Mtangazaji wa Redio ya Taifa, kijana mwenye sauti nzito kuliko mwili wake, akawaambia wasikilizaji kwamba makofi hayo ni ya hiari.

Ikafika zamu ya Siwema kuomba kura. Daktari Balthazari alikuwa amemtungia hotuba fupi, ya kumsifu Ngwale na kuomba samahani kwa kugombea. Siwema akapanda, akashika kipaza sauti, akatazama watu. Nyuma yao, ng'ambo ya uwanja, aliiona nyumba yake na ile alama nyekundu, na hotuba yote ikamtoka.

"Mnanijua," alisema. "Mimi ni Siwema, nawasuka. Mwenyekiti Ngwale ni mtu mwema, mchagueni yeye. Mimi naomba tu..."

Sauti ikakatika. Alisimama pale na fulana yake, akashuka bila kutabasamu. Daktari alifurahi sana, akamnong'oneza Mwenyekiti kwamba hajawahi kuona mshindwa mwenye kipaji kama huyu.

Hapa lazima tabia ya watu wa Kokotoni ielezwe. Wana ugonjwa mmoja wa asili ambao hospitali zote zimeshindwa nao: hawawezi kuona mtu anaondoka mikono mitupu. Mtoza ushuru akikosa cha kutoza, hupewa muhogo wa kuchoma asirudi bure. Mwizi akikamatwa, kabla ya kupelekwa kituoni hupewa maji ya kunywa, na wa kumsindikiza hutafutwa miongoni mwa wasio na mikono mizito. Ndivyo walivyo. Makao Makuu yalijua kila kitu kuhusu Kokotoni, hata idadi ya kuku, lakini hilo hayakulijua.

Kura Kokotoni hupigwa kwa kokoto, kwa sababu karatasi zote za tawi huishia kwenye picha za Mwenyekiti. Nyuma ya pazia la khanga iliwekwa mitungi miwili yenye shingo nyembamba. Ndani ya kila mtungi Daktari alitia kipande cha godoro, ili jiwe likianguka lisilie na kura iwe ya siri kweli kweli. Mtungi wa Siwema haukubandikwa kitu, lakini Ngwale aliagiza wake ubandikwe picha yake, kubwa ya kuuzunguka mtungi mzima, asije mtu akakosea.

Wakaingia mmoja mmoja. Mama Chausiku aliingia, akafikiri: Mwenyekiti kura anazo tele, hii moja hataiona, lakini shoga yangu akipata sifuri redioni atauweka wapi uso wake? Akatia jiwe kwa Siwema, moja tu, la kumfuta machozi. Nyuma yake akaingia muuza mkaa, akafikiri kwamba watu wote watampa Ngwale, basi yeye ampe huyu maskini, asiondoke bure. Imamu wa msikiti alifikiri hivyo. Mwalimu wa kwaya alifikiri hivyo. Viongozi wa viti vya plastiki nao waliingia, kila mmoja akiona ni yeye peke yake mwenye roho laini, kila mmoja akitoka nyuma ya pazia na uso wa mtu aliyetoa sadaka ambayo hakuna aliyeiona.

Kisha akaingia Siwema. Alitia jiwe lake kwenye mtungi wa Ngwale, akaisukuma picha kidogo kuhakikisha ni wenyewe, akatoka akimwomba Mungu ashindwe kiasi.

Mitungi ikabebwa mbele, ikamiminwa mezani mbele ya macho ya wote. Wa kwanza ulikuwa wa Mwenyekiti. Kilitoka kipande cha godoro, na nyuma yake kokoto moja. Daktari aliutikisa mtungi. Aliupigapiga matakoni. Alitia mkono mpaka kwenye kiwiko. Kisha ukamiminwa wa Siwema, na mawe yakamwagika mezani, yakabingirika kwenye nyasi, yakafika mpaka kwenye viatu vya wageni wa heshima.

Kila mtu alimtazama mwenzake kwa hasira, kama mtu aliyekuta wengine wamemwibia wema wake.

Daktari Balthazari si mtu wa kushindwa na hesabu. Alikuwa ameshasimama kueleza kwamba mitungi imebadilishana, alipokumbuka picha ile kubwa. Na kabla hajapata la pili, yule kijana wa redio, aliyefundishwa kwamba mwenye mawe mengi ndiye wa kushangiliwa, alikuwa ameshangilia. Bi Siwema ni Mwenyekiti mpya wa Kokotoni, alisema, na nchi nzima ikasikia. Kwa wasioijua Shwari: ipo sheria kwamba lolote linalosemwa na Redio ya Taifa ni kweli tangu linaposemwa. Daktari alikaa, akajifuta jasho, akaanza kupiga makofi, na watu kwa woga wakamfuata.

Ngwale alimwinamia Siwema.

"Hilo moja ni lako?"

"Ni langu, Mwenyekiti. Nisamehe."

"Asante, mwanangu. Kumbe wewe ndiye mwanachama pekee niliyekuwa naye." Akavuta pumzi. "Langu liko humo kwako. Uliposhindwa kuongea, nilikuonea huruma."

Siwema hakujua afurahi au akimbie. Aliyemwahidi nyumba sasa si mwenyekiti tena, na yeye hakushindwa vizuri wala vibaya, hakushindwa kabisa. Lakini wanawake walishamnyanyua, wakaimba, wakamvusha uwanja kuelekea kwake, na njiani kidogo kidogo wazo likamwingia kwamba mwenyekiti ni yeye, na barabara ya kilimani haina mwenyekiti wa kumfikia. Nyumba imepona. Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akaimba na yeye.

Walipofika mtaani wimbo ulikatika. Vijana wa Chama walikuwa wamewatangulia na ndoo ya rangi. Ukuta wa Siwema ulikuwa umesuguliwa, safi, X haipo. X sasa ilikuwa mlangoni kwa Mama Chausiku, bado inachuruzika, na kwa muuza mkaa, na kwa kila nyumba ya kichochoro kile mpaka kwa Siwema.

Daktari Balthazari alieleza kwa upole kwamba Serikali haikuwa na ugomvi na mtu. Barabara ya Chama lazima ifike mlangoni kwa Mwenyekiti, na sheria inasema mlango wa mbele, kwa kuwa kiongozi hafikiwi kwa nyuma, upande wa choo. Uwanja wa mpira uko nyuma. Mbele ni kichochoro, na kichochoroni kwa bahati mbaya watu wamejenga.

"Basi sitaki uenyekiti," alisema Siwema.

"Ukiukataa anarudi Ngwale, kwa kuwa alikuwa wa pili kwa kura moja, tena kura halali. Naye nyumba yake iko kilimani, ng'ambo ya kwako. Chagua, Mwenyekiti, wapimaji wanataka kwenda kula."

Tusimfichie Siwema. Kwa pumzi moja tu alifikiri: bora za kwao kuliko yangu. Kisha akamwona Mama Chausiku amesimama na ile misuko aliyomsuka yeye, khanga mkononi, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Jirani," alisema Chausiku, wala hakupaza sauti, "mimi nilikupa jiwe langu usiondoke bure. Na mimi je, niondoke hivihivi?"

Siwema alikaa chini, pale pale mchangani. Watu walimsubiri. Alipoinua kichwa alimwuliza Daktari: sheria inasema Barabara ya Chama inaishia wapi? Mlangoni anapoishi Mwenyekiti, alijibu Daktari. Na inaanzia wapi? Mlangoni pa Ofisi ya Tawi.

"Basi andikeni kwamba Mwenyekiti wa Kokotoni anaishi Ofisi ya Tawi. Leteni kitanda changu."

Daktari Balthazari alihesabu kwa vidole. Halafu, taratibu, uso wake ukang'aa. Barabara inaanzia mlango ule na kuishia mlango ule ule. Maana yake imeshafika. Maana yake imekamilika, kwa kiwango cha lami, hakuna nyumba iliyoguswa, kabla hata ya chakula cha mchana. Katika maisha yake yote ya utumishi hakuwahi kuona mradi ukikamilika, na machozi yalimlengalenga.

Uzinduzi ulifanyika wiki hiyo hiyo. Utepe ulifungwa kwenye mlango wa ofisi, Daktari akaukata, akainua mguu akavuka kizingiti, na Redio ya Taifa ikaeleza kwamba msafara umetumia barabara mpya toka mwanzo hadi mwisho bila kukutana na shimo hata moja. Wafadhili walituma pongezi. Fedha za barabara nazo zilishukuriwa kwa kazi nzuri, na tangu hapo hazikuonekana tena. Mzee Ngwale, sasa mstaafu, alikaa mstari wa mbele na kupiga makofi kwa moyo, na watu wakasema hawajawahi kumwona amenawiri vile.

Siwema alihamia ofisini, chumba kimoja, kati ya bendera na makabati. Huko aliwasuka wateja wake chini ya picha ya Muasisi. Sharti lilikuwa moja, na Daktari alilirudia mara mbili: Mwenyekiti akilala usiku mmoja kwingine, huko ndiko anakoishi, na barabara itabidi imfuate. Vijana wa Chama waliwekwa kuhakikisha, kwa upendo, kwamba analala vizuri.

Hizza asingeweza kuhamia naye. Nyumba ikiachwa tupu Shwari, huhesabiwa kuwa imejitolea kwa taifa. Kwa hiyo alibaki kuilinda, na Siwema akaruhusiwa kuja mchana wa Jumapili.

Jumapili ya kwanza alipita kichochoroni, watu wakitoka milangoni kumwamkia, Mama Chausiku akamshika mikono yote miwili. Alifika kwake. Baraza ilikuwa imefagiwa, ukuta mweupe, mlango umerudishiwa. Alisimama, hakujua afanye nini, akabisha hodi.

Hizza alifungua. Alimtandikia mkeka mpya, ule wa wageni, akampikia wali kwa nazi, na wakala pamoja wakizungumza habari za mtaa. Siwema aliinuka mara mbili kuchukua maji, na mara zote mbili Hizza alimwambia akae, asijisumbue. Jua lilipopungua nguvu, kijana wa Chama alikohoa pale nje.

Siwema alisimama, akafunga khanga yake. Hizza alimsindikiza mpaka mbele kidogo ya kwa Mama Chausiku, akasimama.

"Karibu tena," alimwambia.

Akasikia alichokisema. Siwema naye alisikia, akaitikia asante, akaendelea kutembea.